Nini kimebadilika? Sukari ya Baba na swali la waandishi wa programu

Leo naweka kando habari za Linux na seva. Nataka kuandika kuhusu Baba yangu na asubuhi moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2023. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya tarakilishi peke yake msikimbie, maana kuna jambo la kazi yetu ndani yake.

Kila anayeandika programu analijua swali hili. Mfumo ulikuwa unafanya kazi vizuri jana, leo umekufa. Wateja wanapiga simu, mkubwa amesimama nyuma ya kiti chako, na kila mtu ana dhana yake: ni virusi, ni mtandao, ni umeme wa jana usiku. Mwenye uzoefu hakimbilii kubadilisha msimbo. Anauliza kwanza: nini kimebadilika tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi? Halafu anafungua kumbukumbu za seva na kusoma mstari kwa mstari. Mara nyingi jibu limo humo, ila limetawanyika. Nusu iko kwenye faili hili, nusu kwenye lile, na robo iko kichwani mwa jamaa aliyekwenda likizo.

Binadamu si seva, najua. Lakini swali hilohilo ndilo lililotusaidia na Baba.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Wakati huo alikuwa na miaka 76. Yeye na Mama wanaishi kwetu Taita, mlimani juu ya Mwatate, pamoja na mtoto wa Dada aliyekuwa na miaka 8. Sisi wengine tumetawanyika kama Wakenya wengi: mimi Nairobi, Dada Mombasa, na mdogo wangu Nakuru. Baba ana kisukari cha aina ya pili na presha, na miaka yote alikuwa akimeza dawa zake kwa nidhamu ya kengele ya shule.

Jumamosi hiyo, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, Mama alinipigia simu. Alikuwa amemkuta Baba amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limelowa jasho kana kwamba amenyeshewa, maneno yanatoka kama ya mlevi (na Baba hajaonja pombe maisha yake yote), na mkono wa kulia hauna nguvu. Alimwita jina, akamtazama kama mgeni.

"Ni kiharusi, mwanangu," Mama akaniambia. "Kama cha marehemu babu yako."

Jirani mwenye Probox alikuwa ameshaamka. Wakamkunja Baba kiti cha nyuma, Mama akimshika kichwa, wakateremka na zile kona mnazozijua hadi hospitalini. Mimi nikapanda gari la kwanza nililopata kuelekea Voi. Njia nzima nilikuwa kwenye simu na Dada na mdogo wangu, na sote watatu tulikuwa tunasema neno moja tu: kiharusi.

Nesi aliyempokea hakusema kiharusi. Hakusema lolote. Alichukua kidole cha Baba, akakichoma, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Sukari: 1.9.

Kwa wale wasiofahamu, hapa kwetu sukari ya damu hupimwa kwa milimoli kwa lita. Mtu mwenye afya ambaye hajala tangu jana huwa kati ya 4 na 5.5 hivi. Ikishuka chini ya 3.9 kwa mgonjwa wa kisukari, huo ni upungufu wa kushughulikiwa. Chini ya 3.0 ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula, kwa sababu ubongo hutegemea sukari ya damu karibu kwa kila kitu. Na ubongo wenye njaa unaweza kuigiza kiharusi barabara: mdomo unapinda, maneno yanavurugika, upande mmoja wa mwili unalegea. Ndiyo maana, kabla ya mgonjwa wa kiharusi kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kipimo kimoja cha damu hakiachwi kamwe, nacho ni cha sukari. Kipimo hicho kinachukua sekunde chache, na kinatenganisha magonjwa mawili ambayo kwa macho ni mapacha.

Wakampa glukosi ya mshipani. Mama anasema hata dakika kumi hazikupita. Macho yakarudi, mkono ukarudi, na sentensi ya kwanza ya Baba ilikuwa, "Nani amenivua viatu?"

Nilipofika alasiri nilimkuta amekaa, anakunywa chai, na anataka kwenda nyumbani. Mama naye alishafunga kanga na vikombe tayari. Jirani alikuwa anangoja nje na gari lake. Tabibu akakataa. Alituambia kwa upole kwamba Baba hatoki kabla ya kulala hapo usiku ule na pengine na wa pili.

Sababu yake mimi niliielewa upesi, kwa vile ni kosa tunaloliona kila siku kazini. Mfumo umekwama, unauzima na kuuwasha, unafanya kazi, watu wanapiga makofi na kwenda nyumbani. Lakini kilichoukwamisha bado kimo ndani. Kwa Baba, kilichokuwa ndani ni dawa. Pakiti yake imeandikwa glibenclamide. Mimi nitaiita glibenklamidi. Dawa hii hulisukuma kongosho litoe insulini, na huendelea kulisukuma hata kama mgonjwa hajala kitu. Kidonge kimoja hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee mwenye figo zilizochoka hukaa zaidi, kwa sababu mabaki yake ambayo bado yana nguvu hutoka kwa njia ya figo. Glukosi ya mshipani inatumika na kuisha huku dawa ikiwa bado kazini.

Na kweli, saa tisa usiku nesi alikuja na kimashine chake, akakuta 2.6. Baba alikuwa amelala fofofo kama mtoto. Huko mlimani tungesema mzee amechoka, tumwache apumzike.

Haya, sasa turudi kwenye swali letu. Dawa ilikuwa ileile aliyoimeza miaka mingi. Nini kilikuwa kimebadilika?

Asubuhi ya Jumapili tabibu alituuliza hivyo hivyo, kwa maneno yake, na hapo ndipo nilipoiona familia yangu kama kumbukumbu za seva zilizotawanyika. Dada alikuwa njiani kutoka Mombasa, kwa hiyo tulimweka kwenye simu, sauti wazi.

Dada ndiye hununua dawa za sukari. Akafungua ujumbe wake wa M-Pesa. Malipo ya mwisho kwenye duka la dawa yalikuwa ya siku kumi na moja nyuma, kiasi kilekile cha kila mwezi. Basi tukajua dawa hazikuwa zimeongezwa wala kubadilishwa. (Sikuwahi kufikiri kwamba M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007 kwa kutuma pesa nyumbani, ingekuwa faili la mgonjwa. Lakini kila ujumbe una tarehe na saa!)

Mama ndiye huzijua dawa kwa sura. Akasema kuna kidonge kingine cheupe, cha presha, ambacho Baba huchukua kliniki tofauti. Alikuwa amekitia kwenye mkoba. Kilikuwa atenololi. Tabibu akatikisa kichwa. Sukari inaposhuka, mwili hupiga kengele: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anajua kuna tatizo, anatafuta kitu kitamu. Dawa za jamii ya atenololi huweza kuizima kengele hiyo. Jasho ndilo hubaki, na jasho ndilo Mama alilolikuta kwenye shati. Kliniki moja ilijua dawa ya sukari, nyingine ilijua dawa ya presha. Kila moja ilikuwa na sababu nzuri ya dawa yake.

Mimi nilikuwa na lahajedwali. Kila Jumapili Baba hunisomea kipimo chake kwa simu, nami nakiandika. Wiki tano za mwisho zilikuwa 7.8, 7.1, 6.5, 5.7 na 5.0. Nikamwonyesha tabibu kwenye rununu yangu. Akasema angeziona peke yake angempongeza Baba. Kila namba katika hizo ni nzuri. Mwelekeo wake ndio uliokuwa unasema kitu, na hata mwelekeo wenyewe haukusema sababu.

Damu iliyopimwa maabara ikaongeza kipande kingine: figo zilikuwa zimepungua nguvu kuliko mwaka uliotangulia.

Kipande cha mwisho hakuna mtu mzima aliyekuwa nacho. Mtoto wa Dada alikuwa amekuja na shangazi kumwona babu yake. Alikaa kimya kwenye kona ya kitanda, akisikiliza. Kisha akasema, bila mtu kumwuliza:

"Babu siku hizi hali. Ananipa mimi nyama yake, na ugali wake tunawapa kuku."

Wote tukamgeukia Baba. Baba akaangalia dirishani.

"Jino," akasema hatimaye. "Ni jino tu."

Jino la nyuma lilikuwa linamuuma kwa zaidi ya mwezi. Kutafuna kulimshinda, akawa anaishi kwa uji na chai, na sahani anayoandaliwa anaimaliza kwa msaada wa mjukuu ili Mama asihuzunike. Vidonge vya sukari aliendelea kuvimeza kila siku kwa saa yake, maana ndivyo alivyoagizwa na yeye ni mtu wa kutii ratiba. Dawa ileile, chakula nusu, figo dhaifu, na kengele iliyofungwa kitambaa. Pengine hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingetosha peke yake kumwangusha Baba. Vinne pamoja vilikaribia kumwua.

Walibadilisha dawa. Tabibu alitueleza jambo ambalo baadaye nililisoma mwenyewe: Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu ya mwaka 2013, liliweka gliklazidi, na dokezo kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliopita miaka 60. Glibenklamidi ni ya bei nafuu na imezoeleka, kwa hiyo wazee wengi bado wanayo kabatini. Tafadhali, usimwachishe mzazi wako dawa kwa sababu umesoma hapa! Sukari ikipanda nayo inaua. Chukua pakiti, nenda nayo kliniki, uliza.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, maana kumtoa Baba hospitalini ndiyo ilikuwa rahisi.

Jumatatu jioni tulikaa sebuleni, watoto wote watatu tumekuja, na tulikuwa na hofu. Hofu ya watoto wakubwa ina tabia ya kujigeuza amri.

"Baba, twende Mombasa," Dada akaanza. "Nyumba ina nafasi, hospitali ziko karibu."

"Na mbuzi wangu nao wanahamia Mombasa?"

Mdogo wangu akapendekeza kamera ndogo, moja sebuleni na moja chumbani, tuwe tunamwona kwenye simu. Mimi, kwa kuwa ndiye fundi wa familia, wote wakanitazama. Kamera hizo naweza kuzifunga nusu saa.

Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nimesimamia mitihani miaka thelathini na mitatu. Ninajua maana ya kusimamiwa." Akanyamaza kidogo. "Nimeugua sukari, wanangu. Sijaugua akili."

Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa anapepeta mchele uliokwisha pepetwa.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Kilichotukosesha jibu asubuhi ile ya Jumamosi hakikuwa ukosefu wa macho ya kumchunga Baba. Habari zilikuwepo zote, kila mtu na kipande chake, na mwenye kipande kikubwa kuliko wote alikuwa Baba mwenyewe, akakificha ili asitusumbue. Ukimwekea mtu wa namna hiyo kamera, atajifunza kuficha jino mbele ya kamera. Tulichohitaji ni mahali pamoja pa kuweka vile vipande, na mzee ambaye haoni kwamba kutuambia anaumwa ni kujisalimisha.

Basi nikamwuliza yeye, si ndugu zangu: "Baba, ungekuwa wewe ndiye unaliendesha jambo hili, ungefanyaje?"

Akaomba karatasi na rula.

Karatasi hiyo mpaka leo iko nyuma ya mlango wa chumba chao, kwa mwandiko wa ubaoni unaosomeka hadi ng'ambo ya barabara. Juu kuna jina lake, mwaka wa kuzaliwa na magonjwa yake. Chini yake kuna jedwali: jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, nguvu yake kwa miligramu, saa ya kumeza, kazi yake, na kliniki iliyoiandika. Halafu namba zetu za simu na ya jirani mwenye Probox. Wakati ule tuliandika namba ya NHIF. Tangu Oktoba 2024 kazi hiyo ni ya SHA, kwa hiyo ameikata kwa wino mwekundu na kuandika mpya. Nilimpiga picha karatasi hiyo na sote tunayo kwenye simu. Ndiyo chelezo yetu. :-)

Mjukuu alipewa zamu. Kila jioni anamwuliza, "Babu, leo umekula nini?" naye Babu analazimika kujibu kwa sentensi kamili, na anayajibu kwa furaha maswali ambayo angeyakasirikia yangetoka kwangu.

Na mimi? Nilidhani kazi yangu itakuwa kuandika programu. Baba ana simu ya kabambe na hataki nyingine, kwa hiyo programu ya simu ingeishia kwangu mwenyewe. Nilichofanya ni kuongeza safu mbili kwenye lahajedwali la Jumapili. Moja inaitwa "amekula?" na nyingine "nini kipya wiki hii?" Safu ya pili haina namba hata moja. Humo mna "mvua, hakutoka", "msiba wa jirani, amechoka", "kliniki wamempunguzia kidonge cha presha". Tabibu wa kliniki hupitia safu hiyo kabla hajaangalia sukari. Katika kazi yangu yote sidhani nimewahi kuandika kitu kifupi hivyo chenye manufaa hivyo.

Kwa wenye wazee nyumbani, haya ndiyo tuliyofundishwa hospitalini:

1. Mzee anayetumia dawa za sukari akibadilika ghafla (jasho, kuchanganyikiwa, ulegevu, hasira zisizo zake), mpime sukari papo hapo kama kimashine kipo, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Usingoje uhakika ni kiharusi au sukari. Yote mawili ni ya kukimbiza.

2. Akiwa macho na anaweza kumeza, na sukari iko chini ya 3.9, mpe kama gramu 15 za sukari: vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Mpime tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda. Ikipanda, mpe chakula.

3. Akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni, anaweza kupaliwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

4. Akiamka na kuomba aende nyumbani, mwulize daktari dawa yake hukaa mwilini muda gani kabla ya kukubali.

5. Mwulize kliniki mapema afanye nini na dawa siku ambayo hawezi kula, iwe ni kutapika, homa, au jino. Andika jibu kwenye karatasi.

6. Waulize na watoto. Wao ndio hukaa karibu na sahani.

Jino liling'olewa wiki iliyofuata. Mama anasema Baba alirudi, akakaa mezani, akamaliza kimanga na nyama bila kumpa mtu hata kipande, na kuku walilalamika. Sasa ana umri uliozidi ule kwa miaka kadhaa, mbuzi wako palepale, na wiki mbili tatu hazipiti bila kunipigia simu yeye mwenyewe kuniambia kitu kinamuuma, mara goti, mara mgongo. Mwanzoni nilishtuka kila nilipoona jina lake. Siku hizi nafungua lahajedwali, natafuta ile safu isiyo na namba, na namwambia aendelee.

Haya, tuonane wakati mwingine. Na wewe ambaye mzazi wako yuko mbali, ukimpigia leo usimwulize kama hajambo, maana atasema hajambo. Mwulize amekula nini.